Kutafuta takwimu za karafuu: tathmini ya hifadhidata na nyaraka za biashara ya zamani

Mwaka jana nilipewa kazi ambayo kwa kuisikia tu ilionekana ya wiki mbili: kutengeneza jedwali moja la mauzo ya nje ya karafuu za Zanzibar, kuanzia enzi za Sayyid Said hadi miaka hii yetu, lenye uzito, thamani na nchi iliyonunua. Kazi hiyo ilinichukua miezi minane, na sehemu kubwa ya muda huo sikuitumia kukokotoa bali kuhangaika na vyanzo vyenyewe, vingine vya bure na vingine vya kulipia. Ninaandika tathmini hii kama mteja aliyevitumia, nikiwafikiria wanafunzi wa historia ya uchumi, waandishi wa habari na watafiti wa vyama vya wakulima ambao siku moja watatumwa kama nilivyotumwa mimi.

Nianze na fedha niliyopoteza, kwa kuwa ndiyo iliyonipa kipimo ninachokitumia katika sehemu zote zinazofuata. Katika wiki ya kwanza nilinunua mtandaoni jedwali lililokwisha kutayarishwa, likiahidi mauzo ya karafuu ya mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya karne moja. Muuzaji simtaji. Faili lilifunguka vizuri, safu zimepangwa kwa unadhifu wa kupendeza, na juu ya safu ya uzito pameandikwa neno moja tu, “tani”. Nilimwandikia kumuuliza ni tani ipi, naye akanijibu kwamba tani ni tani. Mtu aliyekwisha kushika vitabu vya karafuu hawezi kujibu hivyo. Karafuu zilipimwa kwa frasila, na frasila ya Zanzibar ilikuwa ratili 35 za Kiingereza, yaani karibu kilo 16. Tani ya Kiingereza ya ratili 2,240 ni frasila 64 kamili, bila kubaki wala kupungua, ilhali tani ya kilo 1,000 tunayoitumia leo ni takribani frasila 63. Tofauti hiyo ya frasila moja ni ndogo kwa shehena moja, lakini anayeunganisha miaka ya frasila, miaka ya tani ya Kiingereza na miaka ya tani ya kilo bila kusema alipobadilisha amechora mstari wenye vidaraja ambavyo havikuwahi kuwapo sokoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali moja kwa kila chanzo: je, nikiishika tarakimu hii, ninaweza kurudi hadi ukurasa ilikotoka, nikaona kipimo chake, sarafu yake na mpaka wa forodha ulioihesabu? Alama zote ninazotoa hapa zinatokana na swali hilo.

Kwa biashara ya kuanzia mwaka 1962, mlango wa kwanza ni Comtrade, hifadhidata ya biashara ya bidhaa inayosimamiwa na Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Ni ya bure kwa matumizi ya kawaida, ingawa asiyejisajili huonyeshwa kipande kidogo tu cha anachokitafuta, hivyo namshauri kila mtu ajisajili kabla ya kuanza. Karafuu utazipata chini ya namba 0907 katika mfumo wa uainishaji wa forodha unaotumika sasa, na tangu toleo la 2012 namba hiyo imegawanywa mara mbili, karafuu nzima kwa 090710 na za kusagwa kwa 090720. Mtego uko kwenye jina la nchi. Anayechagua Tanzania pekee, yenye namba 834, anaweza kudhani kwamba miaka ya mwanzo haina kitu, kumbe orodha hiyo hiyo imeweka Zanzibar na Pemba ya zamani kwa namba yake, 836, na Tanganyika kwa 835. Nilipoteza siku 2 nzima kabla ya kuligundua jambo hilo, na nililigundua kwa bahati, nikiwa naiteremsha orodha kutafuta nchi nyingine kabisa.

Jambo zuri la Comtrade ni kwamba kila biashara inaweza kuangaliwa kwa pande mbili, upande wa aliyeuza na upande wa aliyenunua. Kwa karafuu hili ni la lazima. Kwa miongo mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek, hadi wakulima wa huko walipopanda mikarafuu yao wenyewe na kujitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka katika miaka ya 1980. Sehemu ya mzigo ilipitia Singapore, bandari ya kupokea na kusafirisha tena, kwa hiyo anayesoma vitabu vya upande mmoja tu atafikiri kwamba watu wa Singapore walikuwa na mapenzi ya ajabu na karafuu. Pande zote mbili zikiwekwa sambamba, unaanza kuona mzigo ulianzia wapi na ukaishia wapi.

Hata hivyo Comtrade haiwezi kukuonyesha kitu ambacho forodha haikukiona. Katika miaka ambayo serikali ilikuwa mnunuzi pekee na bei ya mkulima ilikuwa chini sana ya bei ya dunia, karafuu za magendo zilivushwa usiku kutoka Pemba kwenda pwani ya Kenya kwa mashua na ngalawa, na hakuna karani wa Wete wala Mkoani aliyeziandika. Kwa miaka hiyo ninaweka alama pembeni ya jedwali kwamba tarakimu ni ya karafuu zilizopita mlango wa mbele. Hilo si kosa la Umoja wa Mataifa, nami naipa Comtrade 4 kati ya 5, nikiwa nimepunguza moja kwa sababu ya uzito wa tovuti yake kwa mtu anayetumia bando la simu.

Hifadhidata ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAOSTAT, inaanzia 1961 na ni nyepesi zaidi kutumia, lakini iangaliwe kwa jicho lake. Safu ya uzalishaji si safu ya mauzo: karafuu hukaa ghalani, na mkarafuu wenyewe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja kisha kupumzika, hivyo mavuno na mauzo ya mwaka mmoja vinaweza kuachana mbali sana. Isitoshe, jina lililoandikwa hapo ni Tanzania, na ni juu ya msomaji kukumbuka kwamba kwa zao hili sehemu iliyo kubwa ni Zanzibar na iliyo kubwa zaidi ni Pemba. Kwa Benki ya Dunia tahadhari ni ya kinyume chake: maelezo ya chini ya pato la taifa la Tanzania yamekuwa yakieleza kwamba tarakimu ni za Tanzania Bara peke yake. Mwanafunzi anayegawanya mauzo ya karafuu kwa pato hilo anagawanya zao la visiwani kwa uchumi usiokuwa na visiwa. Maelezo hayo yako wazi kwa mtu anayefungua maelezo ya chini. Wengi hawafungui.

Kwa miaka ya karibuni zaidi, mapitio ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania yana sehemu ya Zanzibar yenye jedwali la mauzo ya nje, ambamo karafuu zinaonyeshwa kwa uzito, thamani na bei. Ni chanzo kizuri na cha bure, nami sina cha kukilaumu isipokuwa kwamba tarakimu zimo ndani ya kurasa za kusomwa, na anayetaka miaka 20 atazinakili kwa mkono toleo baada ya toleo.

Sasa nirudi nyuma ya 1962, ambako kazi hubadilika sura kabisa.

Hapa kuna mradi mmoja ninaousifu bila kusita: RICardo, uliojengwa na watafiti wa chuo cha Sciences Po cha Paris, wenye takwimu za biashara baina ya nchi na nchi kwa miaka ya 1800 hadi 1938. Tovuti yake ni ya bure, data yake inapakuliwa, na kila tarakimu imefungamanishwa na chanzo chake na kuachwa katika sarafu ya asili, kisha viwango vya kubadilishia fedha vimewekwa mahali pake ili msomaji aone ubadilishaji ulivyofanyika. Ukichagua nchi mbili unaonyeshwa kila upande ulivyoandika biashara ile ile, na pengo lililopo kati yao. Kwa mtu aliyetoka kuambiwa kwamba tani ni tani, kuona heshima ya namna hiyo kwa msomaji ni kama kupewa maji ya kunywa. Upungufu wake kwa kazi yangu ulikuwa mmoja nao ni mkubwa: inaonyesha jumla ya biashara, haichambui bidhaa. Karafuu, pembe, nguo na mchele vyote viko ndani ya tarakimu moja. Niliitumia kama mizani ya kupimia jumla, wala sikuitumia kama chanzo cha karafuu zenyewe. Kwa ubora wa kazi naipa 5. Kwa jedwali langu ilinifaa nusu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mkusanyiko wa CEPII, kituo cha utafiti wa uchumi cha Ufaransa, unaoitwa TRADHIST, wa miaka 1827 hadi 2014, ulioweka kila kitu katika pauni za Uingereza. Ni mkubwa sana na unafaa kwa mtu wa hesabu anayelinganisha dunia nzima, lakini kubadilisha kila kitu kuwa pauni kabla ya kumkabidhi msomaji kunaniondolea kile ninachokitafuta. Mradi wa Maddison, ulioko Chuo Kikuu cha Groningen na kuendelezwa baada ya kifo cha mwanauchumi Angus Maddison mwaka 2010, ni wa pato la mtu mmoja mmoja na wala si wa biashara, na kwa nchi nyingi za Afrika mfululizo wa kila mwaka unaanza 1950. Ninautaja kwa sababu tu watu huniletea data yake wakidhani itawafikisha karne ya 19.

Kwa bidhaa hasa, hifadhidata ya biashara ya mazao ya Afrika iliyotayarishwa na Ewout Frankema, Jeffrey Williamson na Pieter Woltjer inaenda tangu karne ya 18 hadi 2010, nayo inapatikana bure kupitia mtandao wa wanahistoria wa uchumi wa Afrika. Nguvu yake iko Afrika Magharibi, na makala iliyoitambulisha mwaka 2018 ilihusu pwani hiyo. Msomaji wa michikichi na karanga atafurahi. Msomaji wa karafuu ataipitia haraka na kuendelea na safari.

Kwa nini Afrika Mashariki ina kiza kirefu hivi? Watu hulaumu wadudu na unyevu, navyo vina sehemu yao, lakini sababu iliyo kubwa ni ya kiutawala. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, hadi miaka ya 1880, forodha ya Zanzibar haikuendeshwa na serikali. Ilikodishwa kwa mfanyabiashara, na kwa muda mrefu iliyoikodi ilikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyomlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kubaki na ushuru inaoukusanya. Sultani hakuhitaji kujua ni frasila ngapi zilizopita bandarini, alihitaji kupokea fedha yake. Daftari la forodha lilikuwa daftari la duka la mtu, na mwenye duka hana sababu ya kumwonyesha jirani hesabu zake, sembuse balozi wa taifa la kigeni.

Ndiyo maana takwimu za enzi hizo nyingi ni makadirio ya mabalozi. Marekani ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na balozi wake wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika 1837. Uingereza ilimleta Atkins Hamerton mwaka 1841. Hawa walihesabu merikebu, wakauliza bei, wakasikiliza maneno ya baraza za wafanyabiashara, kisha wakaandika. Waters alikuwa yeye mwenyewe mfanyabiashara, na barua zake zinajua bei ya nguo kuliko zinavyojua mambo ya dola. Neno letu “merikani”, la kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, ni kumbukumbu ya biashara hiyo kuliko jedwali lolote. Karatasi za wafanyabiashara wa Salem zimehifadhiwa na Peabody Essex Museum, Massachusetts, na ripoti ya balozi wa Uingereza, Rigby, ya mwaka 1860 kuhusu milki ya Zanzibar ina tarakimu za biashara ambazo hadi leo zinanukuliwa kila mahali, mara nyingi na watu waliozitoa kwa mtu mwingine aliyezinukuu.

Ripoti za namna hiyo zilizochapishwa zinapatikana kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, na huko nimekuwa nikipakua bila kizuizi. HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni, ina hazina kubwa zaidi, lakini mtumiaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba haki za kunakili hupimwa kwa mahali alipo: kitabu cha mwaka 1910 kilichochapishwa London kinaweza kuwa wazi kwa msomaji aliyeko Chicago na kufungwa kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam. Machapisho ya serikali ya Marekani kwa kawaida hayana kizuizi hicho, na kwa hiyo ripoti za mabalozi wa Marekani ni rahisi kupata kuliko za Waingereza waliotutawala.

Baada ya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, makaratasi yanakuwa mengi na mazuri. Kila mwaka utawala ulitayarisha vitabu vya takwimu vilivyojulikana kama Blue Books, ambamo kuna mapato, mishahara, bei na biashara. Kampuni huviuza nakala za kidijitali kwa vyuo kwa mkataba wa mwaka. Maktaba ya chuo nilikokwenda ilikuwa na bango la huduma hiyo ukutani, lakini mkataba wenyewe ulikuwa umekwisha muda, jambo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipokuwa nimekwisha lipa ada ya msomaji mgeni. Hatimaye nilivifuata vitabu vyenyewe kwa miguu, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, mjini Zanzibar.

Kuhusu Kilimani nitasema kwa urefu kidogo, maana ndipo jedwali langu lilipopata uti wa mgongo. Majalada ya ubalozi wa Uingereza yamepangwa chini ya herufi AA na ya sekretarieti chini ya AB, na anayefika akijua herufi hizo amejiokolea nusu siku. Mgeni ashughulikie mapema kibali cha utafiti. Ndani ya chumba cha kusomea unaandika kwa penseli, unaagiza jalada kwa karatasi, unasubiri. Wahudumu walionihudumia wanazijua rafu zao kama mtu anavyolijua shamba lake, mmoja, nilipoagiza kitabu cha takwimu cha mwaka fulani, aliniletea na cha mwaka uliofuata, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, huu mwingine utauhitaji, sarafu imebadilika hapa.” Ushauri huo sikuupata kwenye hifadhidata yoyote.

Na kweli sarafu ilibadilika, tena si mara moja. Vitabu vya zamani zaidi vinahesabu kwa riale, ile fedha nzito ya Maria Theresa, kisha vikaja kwenye rupia, na tarehe 1 Januari 1936 rupia ya Zanzibar ikaondolewa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia kwa shilingi 1 na senti 50. Lakini rupia yenyewe haikuwa kitu kimoja. Chukua rupia 150. Kwa kiwango cha muda mrefu cha shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, hizo ni pauni 10. Mwaka 1920, rupia ya bara ilipopangiwa shilingi 2, rupia 150 zilikuwa pauni 15. Kwa kiwango cha shilingi 1 na peni 6, kilichowekwa India mwaka 1927 na ambacho ndicho kilichotumika Zanzibar kuingia kwenye shilingi, ni pauni 11 na shilingi 5. Mtu anayetumia kiwango kimoja kwa miaka yote atakuta mkulima wa Pemba ametajirika au amefilisika bila hata kikonyo kimoja kuongezeka juani. Hifadhidata nyingi hazisemi zilitumia kiwango gani. Kitabu cha Kilimani kinakuonyesha rupia, na hesabu unaifanya mwenyewe.

Kwa majirani, Nyaraka za Taifa za Kenya, katika jengo la iliyokuwa Bank of India kwenye barabara ya Moi, Nairobi, ni rahisi kufika na zina ripoti za forodha za Kenya na Uganda; ukizitumia, kumbuka kwamba pamba ya Uganda ilipakiwa Mombasa. Nyaraka za Taifa za Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani, yaliyo katika kundi la G, ambayo yanahitaji mtu anayesoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani. Mimi si mtu huyo.

Jedwali langu sasa lina safu 7, na ya mwisho, iliyo pana kuliko zote, ni ya chanzo: namba ya jalada, ukurasa, kipimo, sarafu. Imejaa isipokuwa mstari mmoja wa miaka ya 1850, ambao niliunakili Ijumaa moja kwa haraka, chumba cha kusomea kikikaribia kufungwa na adhana ikisikika, nikaandika tarakimu nisiandike namba ya jalada. Mstari huo nimeupaka rangi ya njano. Tiketi ya boti ya kurudi Unguja nimekwisha ikata, na mpaka nitakapouona ukurasa ule tena, jedwali ninalowatumia watu lina mstari mtupu mahali hapo.